Fundi Kabla ya Duka
Mashine ya kukausha nguo ni nadra mtaani Ayany, Nairobi, kwa kuwa kamba na jua vinatosha siku nyingi. Hata hivyo, swali la kuitengeneza au kuibadilisha lina jibu katika historia ya mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieleza kwamba kazi za mafundi kama hao, zilizokuwa zikisumbuliwa na askari wa jiji, zina tija na faida. Sababu yake naiona wazi: kifaa kipya huja kwa meli na kutozwa ushuru, ilhali ujuzi wa fundi uko jirani. Kutengeneza kulikuwa hesabu ya busara, si dalili ya ufukara tu.

Wapo wanaosema mashine kuukuu hula umeme. Kwa friji, hoja hiyo ina nguvu. Lakini kikaushio cha kawaida hupasha hewa kwa koili, na koili mpya haitoi joto zaidi kwa umeme uleule. Mkanda ukikatika, aitwe fundi. Hofu ya moto ndiyo nzito: fyuzi ya joto ikiungua, ibadilishwe, isirukwe kwa kipande cha waya. Mota ikifa na vipuri vikakosekana, hapo inunuliwe nyingine.