Kijitabu cha Nyeri, Picha ya Embu

Mwaka 1952, mwandishi wa Nyeri aliyeitwa Gakaara wa Wanjaũ alichapisha kijitabu cha nyimbo za Mau Mau kwa Kikuyu. Mmoja akijua kusoma, kijiji kizima kinaimba. Oktoba 20 hali ya hatari ikatangazwa. Gakaara alikamatwa mwezi huohuo, akawekwa kizuizini miaka mingi bila kesi.

Mimi niliacha chuo, sikuacha kusoma. Ndiyo maana nikisikia wazee wetu wakisema vijana wa siku hizi wameharibiwa na simu, namkumbuka Gakaara. Simu ni kijitabu chetu.

Juni 2024 tulikataa Mswada wa Fedha. Mambo yalianzia mtandaoni, yakamwagika barabarani, hadi Nyeri na Nanyuki, miji iliyompigia William Ruto kura kwa wingi 2022. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bunge, risasi zikaua watu. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi mswada.

Tukadhani tumeshinda. Kumbe kuna hesabu nyingine. Desemba hiyo, vijana waliosambaza picha za kumkejeli Rais walianza kupotea. Mmoja alichukuliwa Embu, mchana kweupe. Wenzake waliandamana wakidai arudishwe, na mapema Januari 2025 yeye na wengine kadhaa wakaachiliwa. Hakuna aliyeonyeshwa hati ya kukamatwa.

Ona tofauti. Mkoloni alikuwa na amri iliyoandikwa, sahihi chini yake, na kambi yenye jina. Mtu wa Embu alichukuliwa na watu wasio na sare. Ukatili wa karatasi unaacha ushahidi, ila huu wa leo unategemea tusahau.

Na usidhani bendera mpya ilimaliza kazi hiyo. Mwaka 1986 serikali ya Moi ilimkamata Gakaara tena, ikimhusisha na Mwakenya. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu.

Lakini kule kizuizini alikuwa ameandika shajara. Ilichapishwa 1983, mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Noma. Leo tunajua kilichotokea kambini kwa sababu mfungwa aliweka tarehe.

Posti hufutwa, akaunti hufungwa, na trendi haimalizi wiki. Kwa hivyo buda, andika pia mahali pengine: siku gani, saa ngapi, gari rangi gani, nani alikuwepo. Daftari halihitaji bando.