Hazina ya Kilwa: Kutoka Zawadi za Sultani hadi Nyundo ya Kijiji

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi alizotoa. Sultani huyo alitenga khumsi, yaani sehemu ya tano, ya ngawira kwa matumizi yaliyotajwa katika Kurani, na fungu la masharifu, wazao wa Mtume, akaliweka katika hazina ya peke yake. Masharifu walimjia kutoka Iraki na Hijazi. Siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fakiri wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia nyumbani kwa khatibu, akazivua, akampa. Mrithi wake alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na sultani alipoona jinsi watu walivyolisifu jambo hilo, akamwongezea fakiri watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Watumwa hao walikuwa watu wa bara, na ngawira ilipatikana kwa kuwavamia. Waliochangia hazina kwa damu yao hawakuwa na kauli juu ya matumizi yake, wala hawakuwamo katika orodha ya wanaopewa. Ukarimu wenyewe haukudumu. Alipotawala Daudi, ndugu wa sultani huyo, waombaji walijibiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa. Katika miji ya pwani wakfu ulipunguza udhaifu huo, kwa kuwa shamba la minazi au nyumba iliyowekwa wakfu iliendelea kuhudumia msikiti hata mwenyewe akishafariki.

Karne nyingi baadaye watu wa bara bado hawakuwa na kauli juu ya mali yao. Mali kubwa ya bara ya Kilwa ilikuwa misitu, na mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kwamba ardhi waliyoihesabu kuwa haina mwenyewe ni ya dola. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1923, waliiweka ardhi chini ya gavana. Azimio la Arusha la 1967 lilionya dhidi ya kutegemea misaada na mikopo ya nje, lakini gogo la mpingo lililotoka porini liliendelea kulipiwa ushuru serikalini, na kijiji kilichoutunza mti huo kilipata kidogo sana. Hali ilikuwa mbaya zaidi baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003 na malori kupata njia ya kusini. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa kutokana na mbao yalipotea. Vijiji vilivyoibiwa magogo ndivyo vilivyokuwa vikiombewa misaada.

Njia ya kutoka hapo ilipitia sheria mbili: ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ya Misitu ya 2002. Kijiji kikipima mipaka ya msitu wake, kikahesabu miti, kikaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kinaweza kuuhifadhi msitu huo chini ya Halmashauri ya Kijiji, kikauza magogo na kubaki na mapato. Kazi ya kuvisaidia vijiji kufika huko ilishikwa na shirika la Mpingo, lililoandikishwa mwaka 2004 na kuweka makao yake Kilwa Masoko. Lilitokana na utafiti wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge wa miaka ya 1990, waliofuatilia mti unaochongwa vinyago na Wamakonde na kutengenezewa klarineti Ulaya. Steve Ball alikuwa miongoni mwa waanzilishi, na baadaye Jasper Makala akaliongoza.

Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC kinachothibitisha kwamba msitu unasimamiwa vyema, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Cheti kilikuwa cha kundi: shirika ndilo lililokishikilia na vijiji viliingia chini yake, kwa sababu kijiji kimoja kisingemudu gharama za ukaguzi. Porini, alama ya haki ya kijiji kuuza magogo yake ni nyundo. Mti ukishaangushwa, Kamati ya Maliasili inagonga gogo kwa nyundo ya kijiji, na gogo lisilo na alama hiyo haliruhusiwi kuondoka. Fedha zinasomwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, na hapo ndipo huamuliwa kama ni madarasa, kisima au zahanati.

Wazo la jamii kujiamulia lilijitokeza kwingine pia: mwaka 2020, huko Seattle, Marekani, Vu Le na wachangishaji wenzake walianzisha vuguvugu la kutaka uchangishaji wa fedha za mashirika uanzie kwa jamii, si kwa matakwa ya mfadhili. Kufikia wakati huo Kikole ilikuwa na miaka kadhaa ya kutumia fedha isiyomhitaji mfadhili kutoa ruhusa. Hata hivyo utegemezi haujaisha, kwani mafunzo na sehemu kubwa ya gharama za cheti vimelipiwa kwa ruzuku kutoka nje, na mwaka ambao mnunuzi hatokei, mfuko wa kijiji haupati kitu. Hata hivyo, utaratibu wa kijiji kuuza magogo ya msitu wake umeshavuka mipaka ya Kilwa na kufika vijiji vya Liwale na Tunduru.