Kiranja na Mwenyekiti wa Chama: Historia ya Uongozi wa Wanafunzi katika Shule Ndogo

Mtahiniwa anapotakiwa kujadili maudhui ya uongozi katika tamthilia, aghalabu hukimbilia ikulu na bunge. Husahau kwamba uongozi wa kwanza alioushuhudia kwa macho yake ulikuwa pale pale shuleni: kiranja aliyeandika majina ya wapiga kelele, na katibu wa Chama cha Kiswahili aliyesoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Makala hii inanuia kufuatilia historia ya viongozi hawa wawili na kuonyesha kwamba, ingawa walivaa sare moja, hawakuzaliwa na mama mmoja.

Cheo cha kiranja kilitoka Uingereza. Thomas Arnold, aliyeanza kuiongoza shule ya Rugby mwaka wa 1828, aliimarisha utaratibu wa wavulana wakubwa kuwatawala wadogo kwa niaba ya mwalimu mkuu. Wamishonari na walimu wa kikoloni waliuleta utaratibu huo katika shule zetu za awali. Katika Shule ya Upili ya Alliance, iliyoanzishwa mwaka wa 1926 na kuongozwa na Carey Francis kuanzia 1940 hadi 1962, viranja walikuwa nguzo ya nidhamu. Kiranja aliteuliwa kutoka juu na akawajibika kwa waliomteua. Msomaji wa historia atatambua upesi mfanano uliopo baina yake na chifu wa enzi ya ukoloni.

Chama cha wanafunzi kilifuata njia nyingine. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kati ya 1955 na 1958, amesimulia katika kumbukumbu zake za mwaka wa 2012 jinsi mijadala na maonyesho ya kila mwaka ya tamthilia za Shakespeare yalivyomkuza. Katika mjadala, kijana wa kidato cha chini angeweza kumpinga kiranja hadharani bila kuadhibiwa, mradi ashike zamu yake na atoe hoja. Huo ulikuwa uhuru mdogo, lakini ulikuwa uhuru.

Hata hivyo, lugha ya uhuru huo ilikuwa Kiingereza. Tamasha za drama za shule zilipoanza mwaka wa 1959, Kiswahili hakikuwa na kiti cha mbele. Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Julius Nyerere alithibitisha kwa tafsiri zake za mwaka wa 1963 na 1969 kwamba Shakespeare anaweza kuzungumza Kiswahili, naye Ebrahim Hussein akatupa Kinjeketile mwaka wa 1969. Huku Kenya, ripoti ya Tume ya Mackay ya mwaka wa 1981 ilizaa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Tangu hapo Chama cha Kiswahili kilipata sababu ya kuwapo katika kila shule, hata ile isiyokuwa na maktaba.

Wakati vyama vikikua, utaratibu wa viranja ulikuwa ukipasuka. Mwezi Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwachoma viranja wanne usiku katika vyumba vyao vya kulala, wakafa. Mwezi Machi 2001, moto uliowashwa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliwaua wavulana 67. Visa hivi vilikuwa na sababu nyingi, na itakuwa kosa kuvieleza kwa sababu moja. Lakini kisa cha Nyeri kilifichua jambo moja lisilofichika tena: mwanafunzi anaweza kumwona kiranja kuwa adui, wala si mwenzake. Mwaka huo wa 2001 adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni. Mwaka wa 2009 likaundwa Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari, na shule nyingi zikaanza kuwapigia kura viongozi wao. Kwa maneno mengine, kiranja alianza kuchaguliwa kama mwenyekiti wa chama alivyokuwa akichaguliwa siku zote.

Hapa ndipo shule ndogo inapotufaa. Hazina ya maeneobunge iliyoanza mwaka wa 2003, pamoja na ufadhili wa masomo ya kutwa ulioanza Januari 2008, ilisaidia kuongeza shule za sekondari za kutwa vijijini. Katika shule kama hizo, zenye mkondo mmoja na walimu wa kuhesabika, mwanafunzi yule yule huwa kiranja wa darasa, katibu wa chama na mhusika mkuu katika mchezo wa kuigiza. Niliwahi kuwa mlezi wa chama katika shule ya aina hiyo. Nilimteua mwenyekiti mwenyewe kwa sababu alikuwa na alama nzuri, na mikutano ikafa katika muhula mmoja. Muhula uliofuata wanachama walimchagua msichana aliyekuwa wa wastani darasani lakini mwepesi wa kusikiliza. Chumba kikajaa. Kosa lilikuwa langu, na somo likawa langu pia.

Tajriba hii ina manufaa kwa mtahiniwa. Tamthilia tatu zilizowahi kutahiniwa katika kidato cha nne zinahusu swali hilo hilo. Katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mtemi Bokono anamwogopa Mwelusi kwa kuwa Mwelusi anasikilizwa na watu wa Butangi. Katika Mstahiki Meya cha Timothy Arege, Meya wa Cheneo amezungukwa na washauri waliomzibia masikio. Katika Kigogo cha Pauline Kea, Tunu hana cheo, ilhali Wanasagamoyo wanamfuata. Majoka ana cheo, ilhali wanamtoroka. Mwanafunzi aliyewahi kuongoza mkutano wa watu ishirini ataelewa tofauti ya cheo na uongozi pasipo kukariri mwongozo.

Wala jukwaa la shule si mchezo wa kupitisha wakati. Mwaka wa 2013 tamthilia ya wasichana wa Butere, Shackles of Doom, ilipigwa marufuku na ikabidi Mahakama Kuu iingilie kati ndipo ionyeshwe. Aprili 2025, shule hiyo hiyo ilipofika Nakuru na Echoes of War baada ya mvutano mwingine wa kimahakama, wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani. Iwapo vyama havina maana, mbona wakubwa huvihofia?

Walimu wenzangu, tunapobana ratiba ili kumaliza silabasi, kipindi cha vyama ndicho cha kwanza kukatwa. Tukumbuke tunachokikata. Mcheza kwao hutuzwa, lakini ni sharti kwanza apewe uwanja wa kuchezea.