Mkaja, Kibwebwe na Kiuno cha Nyigu

Lugha yetu imejaliwa maneno mengi ya kufunga kiuno. Tuna mshipi na mahazamu, mkwiji wa kutilia fedha, masombo, kibwebwe na mkaja. Kila neno lina kazi yake. Mahazamu humpamba mwanamume na kushika jambia lake. Kibwebwe hukazwa na mwanamke anayetaka kutwanga au kuingia ngomani, na ndiyo maana aliyedhamiria jambo huambiwa amejifunga kibwebwe. Mkaja hufungwa tumboni na mzazi, na heshima yake ni kubwa hata katika mambo ya ndoa huwamo fungu liitwalo mkaja, apewalo mama wa bibi harusi kwa kulikumbuka tumbo lililomzaa. Katika orodha hii yote halimo neno hata moja lenye maana ya nguo ya kukondesha.

Siku hizi mikanda ya kubana kiuno imejaa madukani, nayo huuzwa kwa ahadi kwamba mvaaji atapungua uzito. Wapo wanaoinadi kwa hoja kwamba hata bibi zetu walijifunga, basi jambo hili si geni kwetu. Hoja hiyo yataka kupimwa kwa historia, kwani inazichanganya nasaba mbili za mavazi ambazo hazina udugu.

Nasaba ya mkanda wa dukani imeanzia Ulaya, katika vazi liitwalo korseti. Kwa karne kadhaa wanawake wa huko, hasa wenye nafasi, walivaa kizibao kigumu kilichotiwa vibapa vitokavyo kinywani mwa nyangumi, ambavyo watu waliviita mifupa ilhali si mifupa. Mwishoni mwa miaka ya 1820 vitundu vya kupitishia kamba vikaanza kuzungushiwa chuma, na kamba ikaweza kuvutwa kwa nguvu bila ya kuchana kitambaa. Wakati huo kiuno cha nyigu hakikuwa tena tashbihi ya washairi. Kilikuwa kipimo cha fundi cherehani.

Hata hivyo, korseti haikudaiwa kuyeyusha mafuta. Kazi yake ilikuwa kulichonga umbo kwa muda wa kuvaliwa. Nyama iliyobanwa kiunoni ilisogea juu kifuani na chini nyongani, na kamba ilipofunguliwa usiku ikarudi ilikotoka. Mapema mwaka 1788 mwanaanatomia wa Kijerumani, Samuel Thomas von Soemmerring, aliandika juu ya madhara ya vazi hilo kwa mbavu na viungo vya ndani. Baada ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895, daktari wa Kifaransa, Ludovic O'Followell, alichapisha mwaka 1908 picha za mbavu za wanawake zilizobanwa ndani ya korseti. Kile ambacho macho yalikiona kuwa uzuri, picha zilikionyesha kuwa mifupa iliyosukumwa. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Miaka hiyohiyo mshonaji wa Paris, Paul Poiret, alitoa magauni yaning'iniayo mabegani, akajigamba kuwa amewafungua wanawake. Muda si mrefu akawaletea sketi iliyobana miguuni hata hatua ikawa shida. Kifungo kiliondoka kiunoni kikashukia vifundoni.

Ahadi ya kukonda ilishika nguvu pale mpira ulipochukua nafasi ya vibapa vya nyangumi. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, matangazo ya mkanda wa mpira wenye vitundu, ulioitwa Perfolastic, yaliahidi kupunguza inchi 3 za kiuno na nyonga kwa siku 10. Humo ndimo ilimozaliwa biashara tunayoiona leo. Mkanda wa lateksi ujulikanao Kolombia kwa jina la faja ulienea duniani katika miaka ya 2010 kwa picha za watu mashuhuri mitandaoni. Vitambaa vimebadilika, ahadi ni ileile. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, ahadi hiyo ina ukweli? Aliyevaa mkanda wa mpira hutoka jasho, na akijipima ataona mizani imeshuka. Lakini kilichotoka ni maji: lita 1 ya jasho ni kilo 1 hivi, nayo hurudi kwa kunywa maji. Mafuta hayatoki kwa njia hiyo. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walionyesha kwa hesabu kwamba mwili ukiyatumia mafuta kilo 10 yakaisha, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kilo 1.6 huwa maji. Tafakari, msomaji: njia kuu ya mafuta kutoka mwilini ni pumzi. Si kwamba kuhema tu kunakondesha. Sharti mwili uyachome mafuta kwanza, kwa kula kwa kiasi na kwa kuushughulisha. Na mwenye kuushughulisha mwili ahitaji mapafu yaliyo huru, ambayo mkanda huyabana.

Imebaki hoja moja yenye uzito kidogo: kwamba tumbo likibanwa, mtu hushiba upesi. Hoja hii ilijaribiwa Sweden kwa watu wanene waliokwisha kupungua kwa mlo mdogo sana, wengine wakapewa korseti laini, wengine wasipewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 hayakuonyesha kwamba korseti iliwasaidia kutorudia unene, na wengi hawakuweza kuendelea kuivaa kama walivyotakiwa.

Turudi kwenye mkaja, tusije tukaudhulumu. Mara baada ya kujifungua, mji wa mimba huwa na uzani wa karibu kilo 1. Baada ya wiki 6 hubaki gramu 60 hivi. Hujikaza wenyewe, na kunyonyesha huusaidia. Wiki 6 ni siku 42, yaani arobaini yetu na siku mbili za nyongeza. Ndani ya arobaini mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji, akapumzishwa, kazi za nyumba wakazishika wanawake wenziwe. Mkaja ulimshikia tumbo lililolegea na mgongo uliochoka, nayo ni fadhila ya kweli ikiwa haukukazwa mno. Ukipita kiasi, uzito husukumwa chini kwenye misuli ya nyonga ambayo bado ni dhaifu. Lakini tumbo lilipojirudi, sifa ilipewa nguo, na kazi ilikuwa imefanywa na siku, matunzo na mwili wenyewe.

Hapa ndipo nasaba mbili zinapoachana. Mkaja ulikuwa na mwanzo na mwisho: ulifungwa kwa sababu ya mtoto, ukafunguliwa muda ulipotimia. Wala haukumwambia mwanamke kwamba mwili wake ni kosa la kusahihishwa. Mwambao wa zamani ulihesabu kunawiri kwake kuwa dalili ya kutunzwa. Mkanda wa dukani hauna arobaini. Humtaka binti aliye mzima ajifunge leo na kesho, na siku akiufungua akakuta kiuno ni kilekile, huambiwa hakuukaza vya kutosha.

Anayetaka kuupendeza umbo wake kwa saa chache za harusi na ajifunge, almuradi anapumua. Anayetaka kupunguza uzito ajifunge kibwebwe kwa maana ile waliyoikusudia wazee: aamke, atembee, apunguze sukari na mafuta ya chunguni, astahimili miezi. Na atakayemwambia kwamba mkanda ule ni mkaja wa kisasa, amwulize kwanza: mtoto yuko wapi, na arobaini yake inatimia lini?