Nani Mwenye Paa? Umiliki na Hatima ya Makanisa na Makasri ya Mashambani nchini Ufaransa, 1789–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya makanisa na makasri ya mashambani nchini Ufaransa tangu Mapinduzi ya 1789 hadi mwaka 2023. Yanahoji dhana iliyozoeleka kwamba majengo hayo yamesalia kwa sababu ya uzuri wake au kwa sababu wananchi wanayapenda. Kwa kufuatilia sheria kuu zilizoyagusa, pamoja na mifano ya Cluny, Vic, Vézelay, Gesté na Villandry, makala yanaonesha kwamba hatima ya majengo haya ilitegemea zaidi maswali mawili: nani mmiliki, na nani anawajibika kulipia matengenezo. Inahitimishwa kwamba umiliki usioambatana na wajibu na fedha ndio uliosababisha hasara kubwa, na kwamba sheria ya urithi hupimwa kwa namna inavyoyajibu maswali hayo kwa pamoja.

Maneno Msingi: urithi wa utamaduni, umiliki, kanisa la kijiji, kasri, Ufaransa

1.0 Utangulizi

Mtu asafiriye katika mashamba ya Ufaransa hakosi kuona mnara wa kengele ukichomoza juu ya mapaa ya kijiji, na mara nyingi, si mbali na hapo, kuta za kasri nyuma ya miti. Mandhari hiyo huonekana kana kwamba imekuwapo daima na itaendelea kuwapo. Historia inaonesha vinginevyo. Mengi ya majengo hayo yaliwahi kuuzwa, kuchomwa, kugeuzwa maghala au kubomolewa ili mawe yake yatumike kwingine. Yaliyosalia ni mabaki ya mvutano mrefu kati ya dola, Kanisa, serikali za vijiji na watu binafsi.

Istilahi moja yahitaji ufafanuzi. Neno la Kifaransa château hutumika kwa majengo ya aina mbili ambayo Kiswahili hutenganisha: ngome, iliyojengwa kwa ajili ya ulinzi, na kasri, makazi ya fahari. Tofauti hiyo ina uzito wa kihistoria. Mwaka 1626, chini ya waziri mkuu Kardinali Richelieu, mfalme Louis XIII aliamuru kubomolewa kwa ngome za ndani ya nchi zisizohitajika kwa ulinzi wa mipaka. Lengo lilikuwa kuwanyang'anya makabaila uwezo wa kuasi. Kwa hiyo, hata kabla ya Mapinduzi, dola ilikuwa imekwisha kuamua lipi lisimame na lipi lianguke. Katika makala haya, neno kasri linatumika kwa aina zote mbili, isipokuwa pale tofauti inapohitajika.

2.0 Mapinduzi na Soko la Mawe

Tarehe 2 Novemba 1789, Bunge la Katiba liliamua kuwa mali zote za Kanisa ziwe chini ya mamlaka ya Taifa. Sababu ya haraka ilikuwa ya kifedha: hazina ilikuwa tupu, na mali hizo zingeuzwa ili kulipa madeni. Mashamba, abasia na nyumba za watawa vikaingia sokoni. Aliyenunua abasia hakuwa na wajibu wowote wa kuitunza. Kwa wanunuzi wengi, thamani ya jengo ilikuwa katika mawe, mbao na risasi ya paa lake.

Mfano ulio wazi ni Cluny, katika mkoa wa Bourgogne. Abasia hiyo ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1088, lilikuwa kanisa kubwa kuliko yote katika Ukristo wa Magharibi hadi lilipojengwa upya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma. Liliuzwa mwaka 1798. Barabara ikapitishwa ndani ya kanisa lenyewe, na kwa miaka mingi likatumika kama machimbo ya mawe ya ujenzi. Kilichobaki leo ni chini ya asilimia 10. Si vita wala tetemeko lililoliangusha. Lilibomolewa na wamiliki halali, kwa kazi halali, mchana kweupe.

Sauti za kupinga zilisikika mapema. Mwaka 1794, Padri Henri Grégoire, mbunge na mwanamapinduzi, aliwasilisha ripoti za kukemea uharibifu huo, na ndiye aliyelieneza neno vandalisme. Hoja yake ilikuwa ya kisiasa: vitu vilivyokuwa vya wafalme na maaskofu sasa ni vya wananchi wote, hivyo anayeviharibu anawaibia wananchi.

Makanisa ya parokia yalipata nafuu kuliko abasia. Mapatano ya mwaka 1801 kati ya Napoléon Bonaparte na Papa Pius VII yaliyarudisha katika matumizi ya ibada. Amri ya tarehe 30 Desemba 1809 ikaweka utaratibu wa matunzo: baraza la mali za parokia ndilo lilipaswa kugharimia matengenezo, na pale mapato yake yalipopungua, komuni, yaani ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, ilitakiwa kujazia. Utaratibu huo haukuwa mkamilifu, lakini ulikuwa na sifa moja muhimu: kila paa lilikuwa na mtu wa kuulizwa.

3.0 Dola Yajitwika Jukumu

Mwaka 1830, waziri François Guizot alianzisha cheo cha mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria. Wa kwanza kukishika alikuwa Ludovic Vitet. Mwaka 1834 akafuatiwa na mwandishi Prosper Mérimée, ambaye alisafiri nchi nzima akikagua makanisa na magofu na kuandika taarifa. Tume ya majengo ya kihistoria iliundwa mwaka 1837, na mwaka 1840 ikatoa orodha yake ya kwanza yenye takriban majengo 1,000.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa Vézelay, kijiji cha mlimani ambamo kanisa la abasia lilikuwa karibu kuporomoka. Mwaka 1840 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Eugène Viollet-le-Duc, msanifu majengo wa miaka 26 aliyekuwa bado hana jina. Ukarabati uliendelea hadi 1859. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu kiasi alichobadilisha kazi ya kale, lakini hakuna ubishi kwamba bila fedha za dola pasingekuwa na cha kubishania.

Kisa cha Vic, kijiji kidogo cha mkoa wa Berry, chaonesha namna utaratibu huo mpya ulivyofanya kazi. Mwaka 1849 padri wa parokia aligundua michoro ya ukutani ya karne ya 12 chini ya chokaa ya kanisa lake. Mwandishi George Sand, aliyeishi karibu na hapo Nohant, alimwarifu Mérimée, na kanisa likawekwa chini ya ulinzi wa dola. Kanisa hilo liliokolewa na mambo matatu yaliyokutana: padri mwangalifu, jirani mwenye sauti, na ofisi yenye mamlaka na bajeti. Vijiji vingi vilikuwa na la kwanza. Vichache vilikuwa na la pili.

Hata hivyo, ulinzi wa kisheria ulikuwa na mipaka. Sheria ya tarehe 30 Machi 1887 ilimtaka mmiliki binafsi aridhie kabla jengo lake halijaorodheshwa. Asiyetaka aliachwa.

4.0 Mwaka 1905 na Uzito wa Neno "Zinaweza"

Sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 ilitenganisha dini na dola. Ilikusudia kuyakabidhi makanisa kwa vyama vya ibada ambavyo vingeyatunza. Papa Pius X aliwakataza Wakatoliki kuunda vyama hivyo. Makanisa yakabaki bila wa kukabidhiwa. Sheria ya tarehe 2 Januari 1907 iliruhusu waumini na mapadri waendelee kuyatumia, na ile ya tarehe 13 Aprili 1908 ikathibitisha umiliki wa komuni. Hivyo Kanisa Katoliki likawa mtumiaji bila kodi, na komuni ikawa mmiliki bila matumizi.

Jambo lenye athari kubwa zaidi limo katika neno moja. Sheria ya 1908 ilisema kwamba komuni zinaweza kugharimia matunzo ya majengo ya ibada. Haikusema kwamba zinapaswa. Wajibu uliokuwapo chini ya amri ya 1809, japo dhaifu, ulikuwa umetoweka. Komuni yenye madiwani waliolipenda Kanisa ilitengeneza paa. Jirani yake, yenye madiwani waliolichukia, iliacha mvua ifanye kazi yake. Mwandishi na mbunge Maurice Barrès aliipeleka hoja hiyo bungeni, na mwaka 1914 akachapisha kitabu kuhusu hali ya kusikitisha ya makanisa ya Ufaransa. Kabla ya hapo, sheria ya tarehe 31 Desemba 1913 ilikuwa imepiga hatua kubwa: iliwezesha kuorodhesha jengo hata mmiliki asiporidhia, na ikaweka kigezo cha manufaa ya umma mahali pa manufaa ya kitaifa. Kanisa dogo la kijiji, lisilo na umuhimu kwa taifa zima, sasa liliweza kulindwa.

Mahakama nazo zilichangia. Mwaka 1921, katika shauri la komuni ya Monségur, ambamo mtoto aliumia kanisani baada ya chombo cha maji ya baraka kumwangukia, Baraza la Dola lilitamka kwamba kazi za kutunza kanisa la komuni ni kazi za umma, ingawa dini imetenganishwa na dola. Komuni haikulipishwa, kwa kuwa ajali ilitokana na uzembe wa watoto wenyewe; lakini tangu hapo swali la dhima likawa mezani mwa kila meya. Meya aonapo ufa, njia rahisi ni kufunga mlango. Kufunga hupunguza hatari ya leo na huongeza gharama ya kesho, kwani jengo lisilofunguliwa halikaguliwi. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Ufaransa ya mashambani, wengi wamekosa hata fedha za ukuta.

Idadi zinaeleza sababu. Nchi ina komuni takriban 35,000, na zaidi ya nusu zina wakazi wasiofika 500. Huko Gesté, magharibi mwa nchi, kanisa la karne ya 19 lilibomolewa mwaka 2013, baada ya mgogoro uliofika mahakamani kati ya baraza la komuni na wakazi waliotaka libaki. Ripoti ya Seneti ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba kati ya majengo ya ibada 2,500 na 5,000 yako hatarini kuachwa, kuuzwa au kubomolewa ifikapo 2030.

5.0 Makasri: Njia ya Mmiliki Binafsi

Makasri yalipita njia tofauti. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 ulifuta haki za kikabaila zilizoyapatia mapato. Kisha Kanuni ya Sheria za Kiraia ya 1804 ikataka urithi ugawanywe kwa watoto wote. Shamba lililolisha kasri likakatwa vipande kizazi baada ya kizazi, ilhali paa la kasri halikupungua hata kigae kimoja.

Baadhi yalichukuliwa na dola, kama Azay-le-Rideau mwaka 1905 na Chambord mwaka 1930. Mengine yalibuni njia mpya. Mwaka 1906 daktari Mhispania Joachim Carvallo na mkewe Ann Coleman walinunua Villandry, wakarudisha bustani zake, na wakafungua milango kwa wageni. Mwaka 1924 Carvallo alianzisha chama cha wamiliki wa nyumba za kihistoria, La Demeure Historique. Hatua kwa hatua dola ilikubali hoja yao: mwenye kufungua kasri lililoorodheshwa kwa umma apewe nafuu ya kodi kwa gharama za matunzo. Hapo mmiliki, wajibu na fedha vilikutana.

Mwaka 2017 ulileta jaribio jingine. Zaidi ya watu 25,000 kutoka nchi mbalimbali walichangia kupitia intaneti wakalinunua kwa pamoja gofu la La Mothe-Chandeniers, lililoungua mwaka 1932. Kwa makanisa, bahati nasibu ya urithi ilianza mwaka 2018, na mwaka 2023 dola ilizindua mchango wa kitaifa kwa majengo ya ibada katika komuni zenye wakazi wasiozidi 10,000, ukiambatana na nafuu ya kodi ya asilimia 75 na lengo la kukusanya euro milioni 200 kwa miaka minne.

6.0 Hitimisho

Uzoefu wa Ufaransa hauoneshi kwamba umiliki wa umma ni bora kuliko wa binafsi, wala kinyume chake. Cluny iliangushwa na wamiliki binafsi. Gesté iliangushwa na mmiliki wa umma. Villandry ilisimamishwa na familia. Vézelay na dola. Kinachotofautisha ni iwapo sheria iliyomtaja mmiliki ilimtaja pia mlipaji na ikampa cha kulipia. Mchango wa 2023, pamoja na ukarimu wake, bado haujagusa neno "zinaweza" la mwaka 1908: unaongeza fedha bila kuweka wajibu.

Funzo hili si geni katika ukanda wa Afrika Mashariki. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014, baada ya kazi za hifadhi ambazo Ufaransa ilikuwa miongoni mwa wafadhili wake. Ufadhili huisha, chumvi na mikoko haviishi. Kwa watunga sera, pendekezo ni kwamba kila jengo linapotangazwa kuwa urithi, tangazo hilohilo litaje ofisi itakayolikagua kila mwaka na kifungu cha bajeti kitakachogharimia paa lake.