Kasuku Mchanga kwa Keja: Jinsi ya Kumwachisha Uji na Kumfunza Bila Kumharibu

Kuna hii stori imeenea mtaani eti ukitaka kasuku akupende, mnunue akiwa kinda kabisa, manyoya bado hayajatoka vizuri, halafu umlishe uji na mkono wako mwenyewe. Wauzaji wanaipenda sana hiyo stori, maana kinda anatoka haraka na kazi yote ya kumlea inakuangukia wewe. Shida ni moja tu: si ukweli. Kasuku aliyeachishwa uji na mtu anayejua kazi atakuzoea fiti kabisa. Yule aliyelishwa na mtu asiyejua, mara nyingi hafiki hata siku ya kuzoea mtu.

Kwa hivyo kama bado hujanunua, chukua ndege ambaye tayari anadishi mwenyewe. Kama kinda ashafika kwa keja, tulia usome hii mpaka mwisho.

Anza na karatasi

Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu anayeongea kama mtu, si kuku wa kuokota sokoni. Tangu Januari 2017 yuko kwenye Orodha ya Kwanza ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Maana yake ni kwamba kuuza nje ya nchi kasuku walioshikwa msituni ni marufuku. Hapa Kenya, kumfuga unahitaji kibali cha KWS, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo. Kwa pori letu, Msitu wa Kakamega ndio unajulikana kwa hawa ndege, na huko wamebaki wachache sana. Msee akikuuzia kasuku kutoka kwa buti ya gari, bila karatasi, jua unanunua kesi.

Hata kama unataka wale wadogo wa asili ya Australia, kama baji au kokateli mwenye kishungi kichwani, pigia KWS kwanza uulize.

Uji wenyewe

Uji wa makinda si ule wa wimbi wa mathe. Ni unga maalum wa kulisha makinda ya kasuku, unaochanganywa na maji moto. Usimpe maziwa ya ng'ombe. Tumbo la ndege haliwezi kuyasaga vizuri. Na usichanganye uji wa siku nzima uuweke kando. Changanya wa mlo mmoja, ukibaki mwaga.

Joto ndilo linaua wengi. Uji unatakiwa uwe kati ya nyuzi 38 na 41, na unapima kwa kipimajoto, si kwa kidole. Ukizidi hapo unaanza kuchoma kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, na kidonda hicho kinaweza kutoboa hadi nje. Ukiwa baridi sana, chakula kinakaa tu kwenye kifuko bila kushuka, kinachacha, na kinda anaugua. Maikrowevu iache, inapasha joto sehemu moja ikaacha nyingine, na ile sehemu moto ndiyo itamfikia yeye.

Hatari ya pili ni uji kuingia kwenye mapafu. Hii inatokea ukimsukumia bomba la sindano haraka, au ukimlazimisha wakati hataki. Kinda mwenye njaa anatikisa kichwa juu chini akimeza. Kama hatikisi kichwa, usisukume. Na kama hujawahi kuona mtu akilisha kinda, usijifunzie kwa huyu wako. Tafuta daktari wa mifugo anayejua ndege akuonyeshe kwa macho.

Kumwachisha: yeye ndiye anaamua

Kila aina ina saa yake. Baji huwa tayari karibu wiki ya 6. Kokateli ni kama wiki ya 8 hadi 10. Kasuku wa kijivu anaenda wiki 12 hadi 16, na wengine wanapitisha. Hizo ni namba za kukuongoza tu, si tarehe ya mwisho.

Anza kumwekea chakula kigumu kabla hajahitaji, akiwa bado anakunywa uji wake wote. Tumia sahani pana, isiyo na kina, uiweke chini pale anapotembea. Weka mahindi mabichi yaliyochemshwa, karoti laini, boga, sukuma wiki, terere, ndizi kidogo, paipai. Mwanzoni atatupa kila kitu sakafuni kama mtoto wa mwaka mmoja. Usijam. Hiyo ndiyo darasa yenyewe. Kula mbele yake pia, maana kasuku anaiga kile anachoona wenzake wakila, na kwa sasa mwenzake ni wewe.

Akianza kumeza kweli, punguza uji polepole. Kwa kawaida mlo wa mchana ndio unatoka kwanza, halafu wa asubuhi, na wa usiku ndio wa mwisho. Usiku usiuondoe haraka. Kinda asilale na tumbo tupu.

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime kila asubuhi kabla ya kula na uandike. Wakati anaanza kuruka, kupunguza uzito kidogo ni kawaida kwa sababu mwili unataka kuwa mwepesi. Lakini akipoteza zaidi ya asilimia 10, mrudishie mlo uliotoa na umpigie daktari. Ukiona analialia kila akikuona hata baada ya kuacha uji, si nyege za kudeka. Mara nyingi ni njaa. Mpe uji kidogo tena bila aibu. Ndege aliyeachishwa kwa nguvu hukua na wasiwasi, anapiga kelele mchana kutwa, na wengine wanaishia kujing'oa manyoya.

Kitu kingine: usimkate mabawa kabla hajajua kuruka. Kuruka ndiko kunamfunza kutua, kujiamini na kusimama vizuri. Funga madirisha, funika vioo, mwache ajaribu.

Sasa mafunzo

Somo la kwanza ni kupanda mkononi. Weka kidole au mkono mbele ya miguu yake, juu kidogo ya pale amesimama, sema "panda", na akipanda mpe zawadi papo hapo. Dakika 5 zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, na umalize wakati bado anafurahia. Zawadi iwe kitu anachokipenda sana ambacho hapati saa zingine, kama mbegu moja ya alizeti. Mbegu hizo zina mafuta mengi na kalsiamu kidogo, na kasuku wa kijivu ana shida ya kalsiamu, kwa hivyo zibaki zawadi, zisigeuke chakula. Na usimfunze kwa kumnyima chakula. Huyu bado anakua.

Kuuma kutakuwepo. Kinda anatumia mdomo kama wewe unavyotumia mkono, anagusa kila kitu nao. Ukipiga kelele, kwake ni burudani, atarudia. Ukimpiga, umemaliza urafiki. Mshushe chini bila neno, geuza uso sekunde chache, halafu mpe kitu halali cha kutafuna, kama kijiti safi au gunzi la mahindi.

Kuongea kusikuharakishe. Wengi wa kijivu wanaanza maneno wakikaribia mwaka mmoja. Kuna kasuku maarufu anaitwa Alex, aliyenunuliwa Chicago mwaka wa 1977 na mtafiti Irene Pepperberg. Hadi alipokufa 2007, alikuwa anataja vitu, rangi na idadi, zaidi ya maneno 100. Mbinu ilikuwa watu wawili mbele yake: mmoja anauliza "hii ni nini?", mwingine anajibu na anapewa kile kitu. Alex akitamka jina, anapewa kitu chenyewe. Unaweza kujaribu na brathe au siz wako leo: sema "karoti", mpe karoti.

Usiku mfunike au mpeleke mahali kimya. Anahitaji saa 10 hadi 12 za usingizi, si kukesha na nyinyi mkicheki mechi.

Vitu vya keja vinavyoua

Parachichi ni sumu kwake, hata kipande. Ongeza chokoleti, kahawa, pombe, kitunguu na chakula chenye chumvi nyingi. Sufuria zisizoshika chakula zikiunguzwa zinatoa moshi ambao unaweza kuua kasuku kwa dakika chache, wewe bila kuhisi kitu. Jiko la makaa ndani ya bedsita ni hatari kwake na kwako. Nawa mikono ukitoka kumshika, maana kasuku mgonjwa anaweza kukuambukiza homa ya mapafu. Akikaa amejivimbisha manyoya, akipumua huku mkia unapanda na kushuka, au kifuko cha chakula kikikosa kushuka usiku kucha, usingoje kesho.

Kabla utume doo

Muulize muuzaji maswali manne. Kibali kiko wapi? Kinda ana wiki ngapi? Uzito wake wa siku 7 zilizopita ni gramu ngapi? Na je, naweza kuja kumwona akila mwenyewe, asubuhi na jioni? Anayefuga vizuri atakujibu bila kusita, na hata atakuambia ungoje wiki mbili zaidi. Ngoja hizo wiki. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, kwa hivyo hakuna haraka yoyote ya kumtoa kwa mlezi wake leo.