Jibu Lilifika 2015, Mvua Ikaja 2021

Wasee, waheshimiwa wakipanda ndege kwenda "kujifunza" ng'ambo, sisi hucheka tu. Lakini kuna somo moja la aina hiyo ambalo kila mtu anayeishi mjini anafaa kulijua.

Tarehe 2 Julai 2011, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilipigwa na mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa saa chache. Mabomba ya chini yakalemewa, barabara zikawa mito, hasara ikafika mabilioni ya pesa zao. 2012 jiji likaja na mpango mpya: mabomba pekee hayatoshi, maji yapewe nafasi juu ya ardhi. Bustani ya Enghaveparken, kwa mfano, ikatengenezwa upya iweze kushika zaidi ya lita milioni 20 mvua ikizidi. Siku za jua, watoto wanacheza hapo hapo.

New York ikaona. Jiji kubwa hivyo, lenye doo, 2015 likaingia mkataba wa ushirikiano na Copenhagen, mji mdogo kuliko hata Nairobi. Kwa hilo nawapa heshima. Mahali pa kujaribia pakawa South Jamaica Houses, nyumba za serikali mtaa wa Queens. Mchoro ulikuwa mtamu: uwanja wa mpira wa kikapu ulioshushwa chini kidogo. Mvua kubwa ikija, unajaa. Ikiisha, maji yanatoka polepole na watu wanarudi kucheza.

Halafu ikafika 1 Septemba 2021. Mabaki ya kimbunga Ida yakamwagia New York karibu milimita 80 kwa saa moja. Watu 13 wakafa jijini, 11 wakiwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wengi wao Queens. Ule uwanja? Bado haukuwa umejengwa.

Hapo ndipo panaponiuma. Sisemi uwanja mmoja ungeokoa wote. Nasema miaka sita walikuwa na jibu mkononi, na maji hayasomi mikataba.

Sisi tuliona Mathare 2024. Kwa hivyo mheshimiwa akirudi na picha za ng'ambo, usimuulize amejifunza nini. Muulize mtaa gani utachimbwa, lini, na pesa ziko kwa bajeti ya mwaka gani. Akianza kukuonyesha picha tena, jua jibu lake.